Baada ya Kipimo cha Masikio: Kwa Nini Mtaalamu Hufunzwa Kusikiliza Kwanza

Tuchukue mfano wa mama anayeishi Kihoto, Naivasha. Ameomba ruhusa ya siku moja katika shamba la maua ili ampeleke mtoto wake wa miaka miwili kupimwa masikio, kwani mtoto hageuki akiitwa. Baada ya vipimo anaambiwa kwamba mtoto hasikii vyema masikio yote mawili. Kisha mtaalamu anaanza kumweleza kuhusu viwango vya sauti, aina za vifaa vya kusikia, bei na tarehe ya kurudi. Mama anaitikia kwa kichwa. Jioni mumewe anamuuliza, "Walisema nini?" Anakumbuka neno moja tu: hasikii.

Mama huyu ni wa mfano, lakini yanayompata ni ya kawaida. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka wa 2003 katika jarida la Royal Society of Medicine la Uingereza yalionyesha kuwa asilimia 40 hadi 80 ya maelezo ambayo wagonjwa hupewa na wahudumu wa afya husahaulika papo hapo. Mtu akiwa na mshtuko, akili haipokei mengi.

Ndiyo maana mafunzo ya wataalamu wa usikivu na wa tiba ya matamshi na lugha hayaishii kwenye mashine na mazoezi ya ulimi. Wanafunzi hufunzwa pia ushauri nasaha.

Ushauri wa aina mbili

Aina ya kwanza ni kutoa habari: tatizo ni lipi, limetokana na nini, na hatua inayofuata ni ipi. Ya pili ni kumsaidia mhusika kuibeba habari hiyo. Mmoja wa waliosisitiza aina hii ya pili ni David Luterman, mtaalamu wa usikivu wa Marekani. Mwaka wa 1965 alianzisha katika chuo cha Emerson, mjini Boston, darasa la watoto viziwi ambapo wazazi nao walikuwa na nafasi yao ya kukutana na kuzungumza. Alifundisha kwamba huzuni ya mzazi haiondolewi kwa kumlundikia maelezo. Kwanza asikilizwe.

Katika Afrika Mashariki, shahada ya kwanza ya tiba ya matamshi na lugha ilianza mwaka wa 2008 katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda. Kwa kuwa wataalamu hawa bado ni wachache katika eneo letu, kila ziara ya mzazi ina uzito. Asiporudi, huenda ikachukua muda mrefu kabla ya kupata nafasi nyingine.

Swali lililo nyuma ya swali

Mwanafunzi hufanya mazoezi ya mazungumzo na wenzake, kisha na familia halisi huku msimamizi akimtazama. Hujifunza kunyamaza mzazi anapolia, kutumia maneno mepesi, na kumwomba mzazi aeleze kwa maneno yake alichoelewa.

Hujifunza pia kutambua swali lililofichika. Mzazi akiuliza, "Je, ni ile dawa niliyokunywa nikiwa mjamzito?" huenda anachotaka kujua ni kama yeye ndiye wa kulaumiwa. Mwanafunzi anayejibu kwa orodha ya visababishi peke yake amejibu nusu tu. Anayesema, "Naona jambo hili limekusumbua, hebu nieleze zaidi," amefungua mlango. Huenda hapo ndipo mama atakaposema kwamba nyumbani anaambiwa ni laana.

Si laana. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya matatizo ya kusikia kwa watoto hutokana na mambo yanayoweza kuzuiwa, yakiwemo maambukizi ya masikio, homa ya uti wa mgongo na matatizo wakati wa kuzaliwa.

Mtaalamu pia hapaswi kuiamulia familia. Anaieleza njia zilizopo, iwe ni kifaa cha kusikia au Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo inatambuliwa katika Katiba ya 2010. Akiona dalili za msongo mkubwa wa mawazo au dhuluma nyumbani, anampeleka mhusika kwa mshauri aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014.

Mkazi afanye nini?

Miaka mitatu ya kwanza ndiyo muhimu zaidi katika kujifunza lugha. Mtoto mchanga asiposhtuka kwa kelele, au wa mwaka mmoja asipoitika jina lake, usisubiri "akue kwanza". Anza kwa mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako, katika kituo cha afya, au katika kituo cha tathmini ya elimu (EARC). Siku ya miadi:

- Nenda na mtu wa pili, ili mkumbushane mliyoambiwa.
- Omba kuelezwa kwa lugha unayoielewa, na uandikiwe mambo makuu.
- Ukiona umechanganyikiwa, sema: "Naomba turudie." Si aibu.
- Uliza tarehe ya kurudi na nambari ya kupiga ukikumbuka swali.
- Ikiwa umehama nyumba, kama familia nyingi za Kihoto zilivyolazimika kuhama maji ya Ziwa Naivasha yalipopanda, wape wahudumu makao yako mapya na nambari ya simu inayopatikana.

Haya yanawahusu pia walio na mgonjwa aliyepoteza usemi kwa kiharusi, au kijana mwenye kigugumizi. Una haki ya kuelezwa na haki ya kusikilizwa. Ukiondoka bila kuelewa, rudi uulize tena.