Batasema, mbwa aliyebaki nyuma: namna ya kumtuliza mbwa mwenye woga

Katika gazeti hili tumezoea kuzungumza juu ya mbegu za viazi, maharagi na bei ya kahawa. Mara hii tunazungumza juu ya mbwa. Katika mikutano yetu ya Rumangabo jambo hili limerudi mara nyingi kushinda hata jambo la mbolea, na limegombanisha majirani ambao walikuwa wanalima bega kwa bega.

Sisi wote tunajua lilikoanzia. Vita viliporudi kwenye barabara ya Goma–Rutshuru mwaka 2022, watu wa Rumangabo, Rugari na Kibumba walikimbia na kile walichoweza kubeba: godoro, sufuria, mtoto mgongoni, mbuzi kwa kamba. Mbwa hakuna aliyembeba. Wengine walifuata wenyewe mpaka Kanyaruchinya. Wengine walibaki wamefungwa. Kambi za kando ya Goma zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025 na jamaa nyingi zikarudi nyumbani, ziliwakuta mbwa waliozoea kujitafutia wenyewe. Wanaiba mayai. Wanakimbiza mbuzi. Na mtu akiinama kuokota jembe lake wanamrukia, maana kwao mtu anayeinama ni mtu anayeokota jiwe.

Mmoja wa mbwa hao alikuwa chini ya jiko lililobomoka la mama mmoja mwanachama wetu, mkulima wa maharagi. Alikuwa dume la rangi ya udongo, mbavu nje, na kipande cha kamba kimeingia ndani ya nyama ya shingo. Mtu aliyemfunga alisahau kwamba mbwa anakua. «Niliiona iko inatetemeka,» mama anatuambia, «nikasema, na mie vile vile nilikuwa natetemeka kule kambini. Nikaiacha.»

Majirani hawakufurahi. Mzee wa nyumba ya pili alimwambia wazi: «Mama, hii imbwa siku moja itauma mutoto, na ni weye batauliza.» Ndiyo maana akamwita Batasema. Kwetu mtu akitaka kuwajibu jirani bila kugombana anampa mbwa jina la jibu.

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya sumu, kwa kuwa kuna waliokwisha kuitumia. Hasira yao tunaielewa. Mtu aliyepoteza kuku sita kwa juma moja hahitaji mahubiri. Lakini nyama yenye sumu haichagui: inamwua mbwa wa jirani aliye mpole, inaua paka anayelinda ghala la mahindi, na mtoto anayechezea hapo naye ana mikono na mdomo.

Sasa turudi kwa Batasema. Siku za kwanza mama hakufanya jambo lolote ambalo mpita njia angeliita mafunzo. Kila jioni, akitoka shambani, aliweka bukari kidogo na vichwa vya sambaza chini ya mgomba ulio mbali na jiko, kisha akaondoka. Saa ile ile, mahali pale pale, mtu yule yule. Kila baada ya siku mbili tatu alisogeza sahani hatua moja karibu na nyumba. Mbwa akikataa kuja, kesho yake sahani inarudi nyuma pale alipokuwa anakubali. «Kama iko na njaa itakuja. Mie siko na haraka.» Siku ya 11 alibaki ameketi hapo, ubavu wake ndio ukimwelekea mbwa, macho kwenye maharagi aliyokuwa anachambua, na mbwa akala.

Maelezo hayo ya mwisho tunataka myashike vizuri. Kumtazama mbwa machoni, kumwendea moja kwa moja, kunyoosha mkono juu ya kichwa chake: kwetu sisi ni salamu, kwake ni vita. Mbwa mwoga anasema mapema kabla ya kuuma, ila sisi hatusikilizi. Mkia unaingia katikati ya miguu, masikio yanalala nyuma, analamba pua wakati hakuna chakula, anapiga miayo wakati hana usingizi, weupe wa macho unaonekana. Akizidi kubanwa anaguruma. Wengi wetu tunampiga akiguruma ili akome. Anakoma kweli. Mara nyingine anauma bila kuguruma, maana ule mlango wa kutoa onyo tumeufunga wenyewe.

Hapa Rumangabo mfano hauko mbali. Kwenye makao makuu ya Parki ya Virunga kuna kikosi cha mbwa wa kunusa, kilichoanza mwaka 2011 kwa msaada wa Dkt. Marlene Zähner, veterineri kutoka Uswisi, aliyeleta mbwa wenye masikio marefu wa aina ya bloodhound. Mwaka uliofuata mbwa hao walishafuata harufu kutoka kwenye mzoga wa tembo aliyekatwa pembe hadi kijijini. Walinzi wanaowashika ni watoto wa nchi hii, waliokulia mahali ambapo mbwa anajulikana kwa fimbo, siyo kwa jina. Mlinzi anamlisha mbwa wake, anamsafisha, anacheza naye, na mbwa akimaliza kazi anapata tuzo yake hapo hapo. Mbwa anayeogopa bwana wake hawezi kunusa vizuri: akili yake yote iko kwenye fimbo.

Na pembeni ya mbwa hao wako sokwe yatima. Wengi wenu mnakumbuka Ndakasi, aliyeokotwa mwaka 2007 akiwa na miezi miwili, ameshikilia maiti ya mama yake aliyepigwa risasi. André Bauma alimweka kifuani usiku kucha ili apate joto, akamlea hadi alipokufa mikononi mwake Septemba 2021. Sokwe si mbwa, tunajua. Lakini walezi wa Rumangabo wanajua kwa miaka mingi kile mama wetu alichokigundua na sahani yake: mnyama aliyeona mabaya hatulizwi na watu kumi wanaopokezana, anatulizwa na mtu mmoja anayerudi kila siku.

Katika juma la nne munganga wa mifugo alikuja kukata kamba. Walimfunga mdomo kwa kitambaa laini, dakika chache tu, kwa sababu mbwa aliyefungwa mdomo hawezi kuhema na kujipooza. Kidonda kilioshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Siku hiyo hiyo akachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Kwa siku tatu baada ya hapo Batasema alimkimbia hata mama. Sahani ikarudi kwenye mgomba.

Kisha likaja lile ambalo mzee alilisema. Mtoto wa jirani, miaka minane, aliingia uani mbio kufuata mpira wa majani ya migomba. Mpira ulisimama mbele ya kibanda cha mbwa, mtoto akainama. Batasema akamuuma kwenye mkono.

Hatutaki kulipunguza jambo hili. Mtoto alilia, baba yake alikuja na panga, na tangu siku hiyo wako watu ambao hawasalimiani na mama. Mama mwenyewe alifanya mambo mawili kwa haraka, na kwa hayo tunamshukuru. Aliosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, robo saa nzima, mtoto akipiga kelele. Halafu akampeleka kituo cha afya siku hiyo hiyo, akisema mbwa alichanjwa lini. Tafadhali msiweke majani, mafuta wala unga wa betri kwenye jeraha la mbwa, na msingoje muone kama mtoto ataugua. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, dawa ya kumponya hakuna. Duniani kinaua watu wapatao 59.000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa meno ya mbwa.

Batasema alifungwa siku 10 akiangaliwa. Hiyo ndiyo kanuni: mbwa aliyeuma akiwa na kichaa ataonyesha dalili au atakufa ndani ya siku hizo. Na hapa kuna swali ambalo tumeulizwa mara nyingi: nitajuaje kama ni woga au ni kichaa? Mbwa mwoga ana sababu unayoweza kuiona, na jana alikuwa vile vile. Mwenye kichaa amegeuka kwa siku chache. Mpole anakuwa mkali, mkali anakuwa mpole kwa namna isiyo ya kawaida, mate yanachuruzika, kumeza kunamshinda, sauti inabadilika, anatembea bila kujua aendako, anauma miti na mawe. Ukimwona hivyo usimkaribie hata kama ni wako. Ita munganga wa mifugo na chef wa lokalite, na ondoa watoto.

Siku ya 11 Batasema alikuwa mzima, anakula. Baba wa mtoto alikubali abaki kwa masharti: kamba mchana, na uzio. Tunasema ukweli, masharti hayo yalipaswa kuwapo tangu mwanzo. Huruma ya mama ilikuwa nzuri, lakini mbwa anayejifunza haachwi mahali ambapo mtoto anaweza kumfikia. Kibanda chake kilikuwa kimeelekea njia. Kila mpita njia alikuwa anamshtua. Wakakigeuza, mgongo kwenye njia, mlango kwenye shamba. Kamba ndefu ya mita tano badala ya mnyororo mfupi, maana mbwa asiyeweza kurudi nyuma hana chaguo ila meno. Mabadiliko hayo mawili yalisaidia kushinda maneno yote.

Mafunzo yenyewe yalianza hapo. Neno la kwanza lilikuwa «Kuya!» Mama anaita mara moja, mbwa akija anapata kichwa cha sambaza. Asipokuja, hakuna fimbo, hakuna kelele, anasogea karibu na kujaribu tena. Usimwite mbwa ukamchapa alipofika, hata kama ameiba yai. Hajui kwamba ni kwa ajili ya yai, anajua tu kwamba kuja ni kubaya. Neno la pili lilikuwa «Kaa». Dakika tano asubuhi, tano jioni. Zaidi ya hapo anachoka, na wewe una shamba.

Kwa mbuzi walitumia kamba ile ile. Mbwa anawekwa mbali nao, mahali ambapo anawaona bila kujikaza. Akiwatazama kisha akageuza macho kwa mama, anapewa chakula. Kila siku hatua moja karibu. Ilichukua miezi miwili hivi. Mwenye kutaka mbwa wa kuchunga asianze na mkubwa aliyeharibika, aanze na kitoto: mtoto wa mbwa anayelala karibu na mbuzi na kuguswa na watu kabla hajafika miezi mitatu anawazoea bila taabu.

Kelele ndizo zilizokuwa ngumu. Sisi tunaoishi kando ya kambi ya kijeshi hatuhitaji kueleza ni kelele gani. Mtoto mkubwa wa mama alikuwa anaangusha kifuniko cha sufuria mwisho wa shamba, kidogo kidogo, na kila kifuniko kikilia chakula kinaanguka mbele ya mbwa. Akitetemeka, kifuniko kinapelekwa mbali zaidi. Wengine walimwambia mama asimshike mbwa anapotetemeka, eti atamfundisha woga. Siyo kweli. Woga hauongezeki kwa kushikwa taratibu. Kama mbwa mwenyewe anakuja kwako, mwache akae.

Mbwa anatufaa, hatuna budi kusema. Wakulima wa mpaka wa Parki wanalala mashambani kwa sababu ya nyani na ngiri, na mbwa anayebweka kwa wakati anampa mtu usingizi wa saa mbili zaidi. Lakini abweke ndani ya shamba letu. Mbwa akiingia Parki, mbali na hasara ya sheria, anapeleka magonjwa. Mwaka 1994 kule Serengeti, Tanzania, simba wapatao 1.000 walikufa kwa ugonjwa uliotoka kwa mbwa wa vijiji vya kando. Virunga nayo ina simba, na si wengi.

Na wako mbwa ambao hawatapona. Tumeona mmoja Rugari aliyeuma watu watatu ingawa alilishwa vizuri, na jamaa yake pamoja na munganga wa mifugo waliamua asiishi. Hatukuwalaumu.

Batasema yeye analala mlangoni sasa. Anamfuata mama shambani, anabaki kwenye mstari wa kwanza wa maharagi, na nyani wakishuka tunamsikia mpaka barabarani. Mtoto aliyeumwa bado haingii ua ule. Akipita njiani Batasema anasimama, mkia chini kidogo, na mama anamwita kwa jina mpaka mtoto amefika kwao. Mvua ikipiga kwa nguvu juu ya mabati mbwa anaingia chini ya kitanda, na mama anamwacha huko.