Jitu la Manyoya: Kweli au Stori za Kijiweni?

Shosti, kwa taarifa yako, si kila stori ya jitu la porini ni uzushi. Gorila wa milimani, wenyeji wa Virunga walimjua tangu zamani. Wazungu wakamwandika vitabuni baada ya Oktoba 1902, Robert von Beringe, ofisa wa koloni lililotawaliwa kutoka Dar hii hii, alipompiga risasi mlima Sabinyo. Mifupa ikaenda Berlin, na 1903 mnyama akapewa jina la aliyemuua! Wenyeji hata asante hawakupata.

Na Yeti wa Himalaya je? Wewe unayeapiwa Kariakoo kuwa wigi ni nywele za binadamu, sikia hii. Mwaka 2014 Bryan Sykes wa Oxford alitangaza majibu ya vinasaba vya sampuli 30 za nywele zilizodaiwa ni za majitu: dubu, farasi, ng'ombe... Moja ya binadamu. Ya jitu, hakuna.