Filamu ya Inxeba na Siri ya Kumbini

Filamu ya Inxeba, neno la Kixhosa lenye maana ya jeraha, iliongozwa na John Trengove wa Afrika Kusini, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 2017 katika tamasha la Sundance, Marekani. Ni kazi ya watengenezaji wa kujitegemea, wasiofungwa na studio kubwa. Mwaka uliofuata ilizua ubishi mkali nchini mwake. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ilivyopokewa, na kuonyesha kwamba ubishi ule ulichanganya mambo mawili yapasayo kutenganishwa: mapenzi ya wanaume wawili, na haki ya kuyatamka hadharani mambo ya jando.

Kisa chenyewe ni kifupi. Xolani, mfanyakazi wa ghala, hupanda mlimani kila mwaka kuwauguza na kuwaongoza vijana waliotahiriwa. Mlezi wa namna hii Waxhosa humwita ikhankatha. Huko hukutana na Vija, mlezi mwenzake mwenye mke na watoto, ambaye ni mpenzi wake wa siri. Safari hii Xolani amekabidhiwa Kwanda, kijana wa Johannesburg ambaye baba yake humwona kuwa legelege. Kwanda anaigundua siri na kumtaka Xolani aikabili kweli. Hatimaye Xolani anamsukuma gengeni, naye anakufa.

Mwisho huo ndio uliowasumbua watazamaji wengi, hata wale walioipenda filamu. Wahakiki wa ng'ambo waliusifu uigizaji wa Nakhane, aliyeshika nafasi ya Xolani, na Desemba 2017 filamu iliingia katika orodha ya tisa zilizofikiriwa kwa tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Hata hivyo, lilitolewa pingamizi kwamba inarudia mtindo wa zamani, ambamo mhusika apendaye wa jinsia yake haruhusiwi kuuona mwisho wa hadithi akiwa hai. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini yafaa itazamwe nani anayeuawa. Xolani na Vija, walioishi katika mapenzi hayo kwa miaka, wanabaki hai. Anayekufa ni yule aliyekuwa tayari kusema.

Nyumbani, filamu ilitolewa Februari 2018, na baadhi ya maonyesho mkoani Eastern Cape yalifutwa kwa sababu ya maandamano. Nakhane alitishiwa kuuawa. Chama cha machifu wa jadi, CONTRALESA, kilikuwa miongoni mwa waliokata rufani, na Baraza la Rufani la Bodi ya Filamu na Machapisho likaipandisha filamu kutoka daraja la miaka 16 hadi X18, daraja la picha za ngono, lisiloruhusiwa katika kumbi za kawaida. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Pretoria iliruhusu ionyeshwe kwa muda kwa watu wenye umri wa miaka 18 na zaidi; Juni mwaka huohuo ikaubatilisha uamuzi wa Baraza.

Wapinzani walikuwa na hoja zisizofaa kubezwa. Mwongozaji ni Mzungu asiyepita katika jando la Kixhosa, ingawa mmoja wa waandishi wenzake, Thando Mgqolozana, ni Mxhosa. Fauka ya hayo, yatendekayo mlimani hayasimuliwi kwa wasiotahiriwa. Siri hii lakini ilikwisha kuguswa kwa kalamu: Nelson Mandela alisimulia kutahiriwa kwake katika tawasifu yake ya 1994, na Mgqolozana aliandika riwaya juu ya jando hilo mwaka 2009. Vitabu hivyo viwili viliandikwa kwa Kiingereza. Inxeba ilitumia lugha ya kumbini yenyewe, ikaonyesha nyuso na kusikizisha sauti. Katika jamii yenye desturi ya hlonipha, yaani kuepuka kutamka maneno fulani kwa heshima, tofauti hiyo si ndogo.

Mtafiti wa Kiswahili hataiona hali hii kuwa ngeni. Akusanyaye nyimbo na mafumbo ya jando na unyago hukabiliwa na swali lilo hilo: lililofunzwa kwa mwari kumbini lina ruhusa gani ya kupelekwa mbele ya hadhira ya ukumbini?

Hapa ndipo uamuzi wa Baraza unapopwaya. Ikiwa kosa lilikuwa kuifichua siri ya jando, daraja la picha za ngono halikuwa dawa yake. Ikiwa kosa lilikuwa mapenzi ya wanaume wawili, Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 inakataza ubaguzi kwa msingi wa mwelekeo wa kijinsia. Hoja ya kwanza, ambayo ingestahili mjadala wa heshima miongoni mwa Waxhosa wenyewe, ilitumiwa kuibeba ya pili, ambayo isingesimama peke yake mbele ya sheria.

Uhakiki mwingi uliosomwa ulimwenguni juu ya filamu hii uliandikwa kwa Kiingereza. Waliyoyasema watazamaji kwa Kixhosa, wakiwamo wanaume waliopita mlimani humo na kupenda kama Xolani alivyopenda, yanastahili kukusanywa na kuchunguzwa kwa uangalifu uleule.