Siku moja Muscat: ukishuka melini, ulipie nini na uache nini

Ziara ya nusu siku ya mji wa Muscat inayouzwa ndani ya meli za kitalii huwa kati ya dola 60 na 90 kwa mtu mzima. Chukua dola 70, uzidishe kwa baba, mama na vijana wawili: dola 280 zimekwenda kabla hamjanunua hata chupa ya maji. Nje ya geti la bandari, teksi ya kukodi kwa saa nne hupatikana kwa rial 30 hivi ukijua kupatana, nazo ni dola 78 kwa gari zima. Anayetoka na kutembea kwa miguu yake hatoi kitu. Nimeamua kuliandika hili kwa sababu nawaona jamaa walioko Dubai, na wageni wao kutoka Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, wananunua safari ya meli kwa hesabu nzuri kabisa, kisha hesabu hiyo inavurugika usiku wa kwanza kwenye kaunta ya ziara. Wanaogopa kupotea katika mji ambao kwa Mswahili ni mwepesi kuliko anavyodhani.

Wepesi wenyewe unaanzia pale meli inapofunga gati. Mwaka 2014 shehena za biashara zilihamishiwa bandari ya Sohar, na Bandari ya Sultan Qaboos ikaelekezwa kwenye utalii. Bandari hii iko Mutrah, ndani ya mji wa kale wa biashara. Linganisha na anayekwenda Roma kwa meli: hushushwa Civitavecchia, zaidi ya kilomita 60 kutoka mjini, na kwa huyo kulipia usafiri si hiari. Mutrah hakuna haja hiyo. Ndani ya bandari hairuhusiwi kutembea, lakini kuna basi la bure linalowachukua abiria kutoka kwenye meli hadi getini. Ukishuka hapo, soko la samaki liko karibu, barabara ya ufukweni inaanzia miguuni pako, na soko kuu la Mutrah ni mwendo wa robo saa kwa mtu asiye na haraka.

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza ziara ipi ni nafuu. Uliza kwanza ni kitu gani unachotaka kukiona ambacho miguu haikufikishi. Kwa wengi ni kimoja tu: Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, ulio kilomita 20 hivi kutoka bandarini. Vingine vyote vya siku ya utulivu viko Mutrah au jirani yake.

Tuanze na msikiti, maana ndio unaopanga saa za siku nzima. Ulifunguliwa mwaka 2001. Zulia la ukumbi wa wanaume lina urefu wa mita 70 na upana wa mita 60, tani 21, na lilifumwa kwa mkono kwa miaka minne. Juu yake inaning'inia taa ya fuwele yenye kimo cha mita 14. Wasio Waislamu huruhusiwa kuingia asubuhi tu, saa mbili hadi saa tano, Jumamosi hadi Alhamisi. Ijumaa hawaingii. Mwislamu huingia kuswali kama anavyoingia msikiti wowote, na hapa ndipo wengi wetu tunapolipia bure: ziara ya meli imepangwa kwa masaa ya watalii, inakuingiza katikati ya makundi na kukutoa kwa kengele ya kiongozi, wakati ungeweza kufika mwenyewe, ukaswali, ukakaa kwenye baraza za marumaru mpaka roho itulie.

Mavazi nayo yana gharama yake. Mwanamke anatakiwa kufunika nywele, mikono hadi viganjani na miguu hadi vifundoni. Asiye na vazi hukodishiwa abaya pale msikitini kwa rial mbili au tatu. Baibui la nyumbani na mtandio vinakaa kwenye mkoba na havidai kitu. Mwanamume avae suruali ndefu, na kama ana kanzu, bora zaidi.

Sasa usafiri wa kufika huko. Nchini Oman kazi ya udereva wa teksi ni ya raia peke yao, na katika Muscat raia wenye asili ya Unguja na Pemba ni wengi. Waliondoka visiwani baada ya Mapinduzi ya 1964, wengine wakaitwa na Sultan Qaboos baada ya kushika madaraka mwaka 1970 ili wasaidie kujenga nchi. Kwa hiyo usianze na Kiingereza cha kubabaisha. Msogelee dereva mwenye umri, mwambie: "Shikamoo mzee. Tuko wanne, tunataka Msikiti Mkuu, utusubiri saa moja, kisha uturudishe Mutrah. Utatufanyia ngapi?" Akiitikia "Marahaba mwanangu", mazungumzo ya bei yameshachukua sura nyingine. Asipoitikia, hujapoteza kitu.

Bei ya kwanza wanayoitaja getini huwa ya mtalii. Usishangae kuambiwa rial 15 kwa kwenda tu. Kabla hujafungua mlango, hakikisha mambo matatu yamesemwa kwa sauti: bei ni ya gari au ya kila mtu, ni ya kwenda au ya kwenda na kurudi, na muda wa kusubiri umo ndani yake au haumo. Ugomvi wote niliowahi kuusikia kuhusu teksi za bandarini ulitokana na moja ya hayo matatu. Lipa mwisho, mkisharudi. Ukitaka kukwepa mapatano kabisa, kuna programu ya simu ya OTaxi inayotaja nauli kabla hujapanda, na mara nyingi nauli hiyo ni ya chini sana kuliko ya getini. Sharti uwe na intaneti. Kwa mtu mmoja au wawili, programu hiyo ndiyo chaguo langu. Kwa watu wanne wenye mzee mmoja, teksi ya kukodi kwa saa kadhaa inashinda, maana gari linawangoja na mzee hasimami juani.

Mabasi ya umma ya Mwasalat yapo pia, safi na yenye kiyoyozi, na nauli ya mjini haifiki rial moja. Kwa msikitini itabidi ubadilishe basi katika mtaa wa Ruwi, na saa mbili za siku yako zinaishia njiani. Ninawapendekezea vijana walio na meli inayokaa hadi usiku. Wengine wayaache.

Kila rial ni dola 2.60, na imekuwa hivyo tangu 1986, kwa hiyo hesabu haibadiliki kila juma. Wenye maduka ya Mutrah hupokea dirhamu za Emirates na hukuhesabia dirhamu 10 kwa rial moja. Kiwango halisi ni kama dirhamu 9.55. Kwa chai na maji usijisumbue. Kwa manunuzi ya rial 50, tofauti hiyo inalipa chakula cha mchana cha mtu mzima. Toa rial chache kwenye mashine ya benki, umalize habari.

Mutrah yenyewe ni ya kutembea. Upande wa bahari kuna majahazi na, kwa kawaida, meli za kifalme; upande wa pili nyumba nyeupe zenye roshani za mbao, ambazo mtu wa Lamu au Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa. Utapita geti la Sur al-Lawatia, mtaa wa kale wa jamii ya Walawati wenye ukuta wake. Mgeni haingii humo. Piga picha ukiwa nje, uendelee.

Ndani ya soko kuu kuna mambo mawili yanayostahili fedha yako, na yote mawili huuzwa kwa bei ya kitu kingine. La kwanza ni ubani. Ule bora hutoka Dhofar, kusini, upande mkavu nyuma ya milima, nao huuzwa kwa jina la Hojari. Weka tembe kiganjani uinue kwenye mwanga: wa daraja la juu ni mweupe unaoelekea kijani, unapitisha mwanga, na hauna vipande vya magamba ya mti. Wa rangi ya kahawia na mwekundu ni wa bei ya chini, unafaa kufukizia nyumba nzima, lakini muuzaji asikutajie bei ya Hojari kwa mfuko wa mchanganyiko. Nunua kwa uzito, na mwombe achome tembe moja mbele yako. Akikataa, nenda duka la pili. Hatua tano zinatosha.

La pili ni kofia. Zile za kufumwa kwa mashine zinapatikana kwa rial mbili au tatu, na hazina ubaya kwa mtoto. Kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono huanzia kama rial 20 na kupanda mbali sana. Igeuze ndani nje. Katika kazi ya mkono kila kitundu kimezungushiwa uzi wake na upande wa ndani unakaribia usafi wa upande wa nje. Ya mashine ina nyuzi zinazoning'inia na vitundu vilivyotobolewa juujuu. Mafundi wa Unguja na Lamu wanaishona kazi hiyohiyo, kwa hiyo kama unarudi pwani, sema kweli: ya mkono inunue nyumbani, kwa bei ya nyumbani, na fedha ibaki kwa fundi wako.

Halua sitaitetea sana. Ya Oman ina zafarani na samli nyingi, nayo ni tamu kweli, lakini mtu wa Pemba ataona ni ndugu ya ile ya Wete. Nunua kopo dogo kwa ajili ya wanaokusubiri.

Chakula usile melini siku hiyo kwa sababu tu umeshakilipia. Wali wa biriani kwenye mgahawa wa kawaida wa nyuma ya soko ni rial mbili hivi, shawarma hupatikana kwa chini ya rial moja, chai ya maziwa kwa baisa (senti za rial) mia moja au mia mbili. Familia ya wanne inashiba kwa rial kumi na chenji inabaki. Migahawa inayotazama bahari hutoza mara mbili au tatu kwa sahani ileile. Ukienda huko unalipia upepo, na kwa saa moja ya kupumzika baada ya soko, mimi naona upepo huo una thamani yake.

Ukibakiwa na muda, Muscat ya kale iko kilomita chache mbele: kasri la Al Alam, ngome za Jalali na Mirani zilizojengwa na Wareno katika miaka ya 1580, na Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa 2016 yakitazamana na kasri. Basi namba 4 hupita njia hiyo. Ndani ya kasri hairuhusiwi kuingia, hivyo kama hutaki makumbusho, dakika ishirini zinatosha.

Siku za kuangalia kabla ya kulipa: maduka mengi ya soko hufungwa kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi, na Ijumaa asubuhi karibu yote yamelala. Meli yako ikifika Ijumaa, anza na bahari na swala, soko liwe jioni. Katika Ramadhani hakuna kula hadharani mchana, hata kwa mgeni.

Viza nayo ni gharama, na ndiyo inayouma kuliko zote ikikosewa. Pasipoti zetu za Afrika Mashariki hazichukuliwi sawa na za Ulaya. Meli inayotoka Dubai, ikaenda Oman na kurudi Dubai, inakutoa Emirates na kukuingiza tena. Viza ya kuingia mara moja haitoshi. Iulize kampuni ya meli kwa maandishi, uulize ya Emirates na ya Oman, na usilipe amana kabla ya jibu.

Ziara ya meli ina faida moja isiyo na mbadala: basi lao likichelewa, meli inangoja. Teksi yako ikichelewa, meli inaondoka. Kwa hiyo anayetaka Nizwa, kilomita 160 hivi kutoka Muscat, kwenda na kurudi ndani ya siku moja, alipe meli bila kunung'unika. Hata hivyo hiyo si siku ya utulivu. Ni karibu saa nne za kukaa ndani ya basi.

Kwa familia inayotaka kupumzika, uamuzi wangu ni huu. Teksi ya mapatano au ya programu kwenda msikitini mapema asubuhi, kurudi Mutrah kabla ya saa tano na nusu, soko mpaka lifungwe, chakula nyuma ya soko, kisha kutembea polepole ufukweni na kuwa getini saa moja na nusu kabla ya muda wa mwisho wa kupanda. Teksi rial 20 hadi 30, chakula rial 10, maji na chai rial 3. Hata kwa bei ya juu hazifiki dola 115 kwa watu wanne, na zilizobaki katika zile 280 zinatosha kununua ubani wa daraja la kwanza kwa nyumba mbili. Ziara ya meli ya mjini Muscat msiinunue.