Kamba Ikikaza, Simama

Mbwa anayemburura bwana wake barabarani huitwa mkaidi, na dawa yake ya kwanza huwa mnyororo mzito zaidi. Wanaochunguza tabia za wanyama wanaeleza vingine: mbwa huyo amefundishwa kuvuta, na aliyemfundisha ni yule yule anayelalamika.

Mwaka 1898 Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa kuwafungia paka wenye njaa ndani ya visanduku. Paka alihangaika, akakwaruza, akauma mbao, hadi kwa bahati akagusa komeo, mlango ukafunguka, akatoka kula. Kila aliporudishwa, purukushani zilipungua na lile tendo lililofungua mlango likaja mapema zaidi. Sasa mtazame mbwa. Amenusa kichaka kilichokojolewa na wenzake, anavuta, bwana wake anamfuata hatua tatu, kichaka kimefikiwa. Kwake yeye, mlango umefunguka.

Jambo la pili ni gumu zaidi kulikubali. Charles Ferster na B. F. Skinner, katika kitabu chao cha mwaka 1957, walionyesha kuwa tendo linalolipwa mara moja moja huchelewa kufa kuliko linalolipwa kila mara. Kwa hiyo anayesimama imara Jumatatu, kisha Jumanne akakubali kuburutwa kwa kuwa amechelewa kazini, anaizidishia mizizi tabia ile ile anayotaka kuing'oa.

Tiba yenyewe ni nyepesi kuieleza, ila inadai subira. Anzia uani, mahali pasipo na vishawishi. Kamba ikikaza, simama. Usivute, usifoke. Mbwa atageuka kuona kulikoni, na kamba italegea. Papo hapo msifu kwa neno moja fupi, mpe dagaa ubavuni pako, kisha endeleeni. Zawadi ikichelewa hata kwa sekunde chache, mbwa ataihusisha na jambo jingine, pengine kule kuruka alikofanya baadaye. Pale Morogoro, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini kwa kanuni hiyo hiyo: mlio mfupi humjulisha panya kwamba amepatia, na chakula hufuata.

Siku za mwanzo huenda msifike hata mwisho wa mtaa. Vumilia. Mwendo wa asili wa mbwa ni mchakamchaka, na kutembea kwetu ni kumchelewesha. Tena pua yake ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 100, ilhali ya binadamu ina milioni chache tu. Ndiyo maana kunusa kwenyewe ni malipo makubwa: akitembea vizuri hadi karibu na kichaka, mruhusu akinuse mpaka atosheke. Mwaka 2019 watafiti Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz waliripoti kuwa mbwa waliochezeshwa michezo ya kunusa kwa wiki mbili walikuwa wepesi kuliendea bakuli wasilojua kama lina chakula, kuliko wenzao waliofunzwa kutembea sambamba na mguu wa mtu. Watafiti hao waliuona wepesi huo kuwa dalili ya matumaini.

Ukanda wenye miiba kwa ndani siupendekezi kwa mbwa yeyote. Hata ukanda wa kawaida una madhara yake: uchunguzi wa mwaka 2006 ulipima shinikizo ndani ya macho ya mbwa waliokuwa wakivuta, likaonekana kupanda walipovishwa ukanda wa shingoni, lakini si walipovishwa mkanda wa kifuani.

Kwetu suala hili halihusu matembezi ya jioni tu. Ili kuzuia kichaa cha mbwa, Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe, na vijijini kazi ya kuwapeleka kituoni mara nyingi huangukia watoto. Mbwa asiyewahi kuongozwa kwa kamba hubaki nyumbani, au hufika akiwa na hofu, akiwa tayari kumuuma mtoa chanjo. Afadhali mtoto wa mbwa avishwe ukanda mapema, kwanza wakati anakula, kisha kamba nyepesi aizoee akiwa uani, na watoto watakaompeleka washiriki mazoezi hayo tangu mwanzo, mkubwa akiwasimamia.