Dishi la Siku ya Mvua: Kuchagua Upana wa Dishi Mjini Kigali

Katika mitaa ya Biryogo na Nyamirambo, ambako Kiswahili kilikuwa kikisemwa majumbani na madukani miaka mingi kabla ya kupewa, mwaka 2017, daraja ya lugha rasmi ya Rwanda, ni nadra kupita hatua chache pasipo kuona dishi la televisheni juu ya bati au ubavuni mwa ukuta. Mtanzania aliyehamia huku kwa biashara ataka habari za kwao na mpira wa ligi ya kwao, na Mkenya vivyo hivyo. Mkongo wa Goma au Bukavu ataka idhaa za Kifaransa na muziki wa Kinshasa. Na Mnyarwanda mwenyewe ataka yote hayo pamoja na ligi za Ulaya. Wote hao hutaabika kuchagua king'amuzi na kifurushi, hulinganisha ada za mwezi mpaka faranga ya mwisho, kisha jambo ambalo ndilo msingi wa yote, yaani upana wa dishi lenyewe, humwachia muuza duka. Naye, kama ilivyo desturi ya biashara, hutoa lile lililo karibu na mkono wake.

Dishi hilo dogo, aghalabu la sentimita 60, hufanya kazi pasipo lawama miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati wa kiangazi ambacho Wanyarwanda hukiita impeshyi. Ikiingia Machi, mvua za itumba, yaani masika, zikaanza kuanguka alasiri kwa kishindo, picha huganda, sauti hukatika, na maandishi ya kwamba hakuna mawimbi hutokea kiooni. Hapo fundi huitwa, naye hufika mvua imekwisha kunyamaza, hukuta kila kitu kimo katika hali njema, hulipwa ujira wake na kwenda zake. Kwa hakika hapana kilichoharibika. Ila ni kwamba dishi lilichaguliwa kwa kipimo cha siku ya jua, na dishi sharti lichaguliwe kwa kipimo cha siku ya mvua.

Ili hoja hiyo ieleweke, yafaa kwanza kujua mawimbi hayo yatoka wapi na hufika yakiwa na nguvu gani. Setilaiti ya televisheni hukaa juu ya mstari wa ikweta, kimo cha kilomita 35,786, mahali ambapo muda wake wa kuizunguka dunia huwa sawasawa na muda wa dunia kujizungusha, hata kwa mtazamaji aliye chini ikawa haiondoki mahali pake. Mwingereza Arthur C. Clarke ndiye aliyeieleza fikira ya kutumia kimo hicho kwa upelekaji wa habari, katika makala aliyoichapisha mwaka 1945. Na mwaka 1964 setilaiti iitwayo Syncom 3 ikazipeleka Marekani picha za michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Zamani hizo setilaiti zilikuwa dhaifu mno, na udhaifu wa juu sharti ulipwe kwa ukubwa wa chini: kituo cha Longonot katika Bonde la Ufa la Kenya, kilichofunguliwa mwaka 1970, kilihitaji dishi lenye kipenyo cha mita 30 hivi. Leo kila mtambo wa kurushia matangazo ulio ndani ya setilaiti hutoa, kwa kawaida, wati mia moja au zaidi kidogo, na nguvu hizo hukusanywa na kumulikwa juu ya sehemu teule ya dunia. Ndiyo maana dishi limepungua hata likaweza kubebwa na mtu mmoja juu ya pikipiki. Pamoja na hayo, wati mia zilizotawanywa juu ya nchi kadhaa, baada ya safari ya kilomita elfu thelathini na tano na ziada, hufika juu ya paa la Kigali zikiwa chembe tupu.

Kazi ya dishi ni kuzikusanya chembe hizo na kuzirudisha zote katika nukta moja, pale mbele penye LNB, ambacho ni chombo cha kuzipokea na kuzikuza kabla hazijateremka katika waya. Kama beseni lililokingwa uani wakati wa mvua, dishi hupata kwa kadiri ya uwazi wake; na uwazi wa duara haukui sawa na kipenyo, bali hukua kwa kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe. Hapa ndipo wanunuzi wengi hughafilika. Mtu huliona dishi la sentimita 90 kuwa limezidi la 60 kwa nusu tu, na kwa jicho ni kweli. Walakini kwa uwezo wa kukusanya limelizidi mara mbili na robo. La sentimita 120 hukusanya mara nne ya lile la 60. Kwa lugha ya mafundi, ambao huhesabu kwa desibeli, na ambao kwao kila desibeli 3 ni maradufu, kutoka 60 hadi 90 ni faida ya desibeli 3.5, na kutoka 60 hadi 120 ni faida ya desibeli 6.

Faida hiyo haionekani siku ya jua. Zamani za matangazo ya analojia, dishi lililopungukiwa lilijulisha upungufu wake mapema, kwa vidoadoa vilivyonyunyizwa juu ya picha. Televisheni ya dijitali haina daraja za namna hiyo. Maadamu mawimbi yako juu ya kiwango kinachotakiwa, picha ni kamili, na picha ya dishi dogo haina tofauti yoyote na ya dishi kubwa. Yakishuka chini ya kiwango hicho hata kidogo, picha hupasuka vipande, huganda, na kutoweka. Kwa hiyo mtu aonaye picha safi hawezi kujua, kwa kuitazama tu, kama ana akiba ya kutosha au anasimama ukingoni. Njia ya kujua ni kufungua ukurasa wa vipimo ndani ya king'amuzi na kutazama mistari miwili iliyomo, wa nguvu na wa ubora, na kuutilia maanani zaidi ule wa ubora, kwani nguvu huweza kuwa nyingi hali ubora ni haba.

Mvua hufanya hasara mbili kwa pamoja. Matone yake huyanyonya na kuyatawanya mawimbi yanayopita kati yake, na tena mvua yenyewe hutoa mnong'ono wa joto ambao LNB huusikia pamoja na matangazo. Masafa ya Ku, yatumiwayo na huduma nyingi za kulipia, yana mawimbi yenye urefu wa sentimita 2.5 hivi, ambao haupo mbali sana na ukubwa wa matone mazito, na kwa sababu hiyo huumizwa; masafa ya C, yenye mawimbi ya sentimita 7.5 hivi, huipenya mvua karibu bila kudhurika, lakini kwa kawaida hurushwa kwa nguvu zilizotandazwa juu ya bara zima, na huhitaji dishi la sentimita 180 au 240, ambalo halikai juu ya bati bali hutaka nguzo ya chuma iliyosimikwa katika zege.

Katika jambo hili la mvua, Kigali imejaliwa neema ambayo wakazi wake wengi hawaijui. Mji uko karibu nyuzi 2 kusini ya ikweta, kwenye nyuzi 30 mashariki, na kwa hiyo setilaiti nyingi zinazouhudumia ziko juu sana mbinguni. Ile ya Eutelsat iliyo nyuzi 36 mashariki, ambayo DStv imekuwa ikiitumia kwa Afrika Mashariki, huonekana kutoka Kigali katika mwinuko wa nyuzi 83 hivi, yaani karibu utosini. Ile iliyo nyuzi 7 mashariki, inayobeba Azam TV ya Dar es Salaam, iko kwenye mwinuko wa nyuzi 63, upande wa magharibi. Na SES-5, iliyo karibu na nyuzi 5 mashariki, ambayo StarTimes imekuwa ikiitumia kwa madishi yake, iko nyuzi 60 na kidogo. Mwafrika Mashariki aishiye London hana setilaiti ya aina hii iliyo juu zaidi ya nyuzi 31 hivi, na ukuta wa jirani watosha kumzibia. Vilima vya Kigali, ambavyo huzizuia antena za kawaida kwa mtu akaaye bondeni, havina dhara kwa dishi linalotazama juu.

Fauka ya hayo, mwinuko huamua urefu wa njia ambayo mawimbi hupita ndani ya mvua. Katika nchi zetu za joto matone ya mvua huanza kiasi cha kilomita 4.5 hadi 5 juu ya usawa wa bahari, kwa maana juu ya hapo maji huganda kuwa barafu, ambayo haiyadhuru sana mawimbi. Mombasa na Dar es Salaam, zilizo usawa wa bahari, hubeba unene huo wote. Kigali, iliyo kimo cha mita 1,500 na zaidi, hubakiwa na kilomita 3 au 3.5 tu juu ya mapaa yake. Lakini neema hiyo ni ya atazamaye juu. Mtu atakaye idhaa za Kifaransa zinazorushwa Afrika kutoka setilaiti iliyo juu ya Atlantiki, nyuzi 22 magharibi, sharti ainamishe dishi lake mpaka mwinuko wa nyuzi 30, na hapo mawimbi hukata mvua kwa mshazari, njia ikawa ndefu mara mbili. Kwa hiyo watu wawili wa nyumba moja, walio na madishi ya upana mmoja, waweza kuona mambo mbalimbali katika dhoruba moja, na kila mmoja akadhani fundi wa mwenziwe ni hodari zaidi.

Upana hutegemea pia mahali mtu alipo ndani ya mwale. Kila setilaiti ina miale kadhaa, na kila mwale una ramani yake, yenye duara baada ya duara, na juu ya kila duara nambari ya nguvu iliyohesabiwa kwa desibeli. Kanuni ya kukisia ni kwamba penye nambari 50 dishi la sentimita 60 hutosha siku ya jua, na kila nambari hiyo ishukapo kwa desibeli 6, kipenyo sharti kiongezwe mara mbili. Walakini kanuni hii ina mwisho wake. Mgeni kutoka Uingereza huweza kusikia kwamba setilaiti zinazobeba idhaa za kwao ziko nyuzi 28.2 mashariki, akapiga hesabu na kukuta kwamba mahali hapo ni karibu juu kabisa ya kichwa chake akiwa Kigali, akafurahi. Lakini mwale wa idhaa hizo umeelekezwa juu ya visiwa vya Uingereza, hata kusini ya Hispania watu wamelazimika kusimika madishi ya mita mbili na zaidi, seuze Rwanda. Ukaribu wa setilaiti si ukaribu wa mwale wake, na nje ya mwale hakuna upana ufaao.

Dishi pana lina gharama zake, nazo si za fedha tu. Kadiri dishi linavyopanuka, ndivyo mwono wake unavyokuwa mwembamba: la sentimita 60 huona, katika masafa ya Ku, upana wa nyuzi 3 hivi, la 90 nyuzi 2, na la 120 nyuzi 1.5. Wembamba huo ni faida, kwa sababu setilaiti zimepangwa karibu karibu, na zile mbili tulizozitaja, za nyuzi 7 na nyuzi 5 mashariki, zimeachana kwa nyuzi 2 na kidogo tu, hata dishi dogo likaweza kusikia ya jirani pamoja na yake. Lakini wembamba huo huo hudai mlengo sahihi, nguzo iliyonyooka, na kifungo kisichotikisika kwa upepo. Dishi la 90 lililolengwa ovyo huweza kushindwa na la 60 lililolengwa kwa uangalifu. Aidha dishi la majumbani, ambalo mkono wa LNB hutokea chini yake, hutazama juu zaidi ya linavyoonekana kutazama, kwa nyuzi 20 na kitu. Na kwa setilaiti iliyo karibu utosini, bakuli huwa limelala kiasi cha kushika maji na majani ya mti, kwa hiyo litobolewe tundu dogo chini yake na lifagiliwe. Na kwa kuwa nchi hizi za Maziwa Makuu ni miongoni mwa zipigwazo na radi nyingi kuliko zote duniani, nguzo ya dishi iunganishwe na ardhi kwa waya wa shaba.

Baada ya hayo yote hukumu ni nyepesi. Mkazi wa Kigali atazamaye setilaiti za nyuzi 36, 7 au 5 mashariki, na ambaye mwale wake ni wenye nguvu, aweza kuishi na sentimita 60 akikubali kukosa picha katika dhoruba; lakini akitaka kuona mechi mpaka mwisho mwezi wa Aprili, anunue 90, kwa kuwa tofauti ya bei hulipwa mara moja na safari za fundi hulipwa kila masika. Atazamaye Atlantiki, au aliye ukingoni mwa mwale, asishuke chini ya 120. Atakaye masafa ya C atayarishe zege na dishi la sentimita 180 au 240. Na kila mnunuzi, kabla ya kumlipa fundi, amtake amwonyeshe mstari wa ubora ndani ya king'amuzi, auandike, na aulinganishe na wa siku ya mvua ya kwanza. Akiona umeshuka karibu na kukatika, ajue kwamba anahitaji dishi pana zaidi, wala si king'amuzi kipya.