Kweli au Uongo? Yanayosemwa Musaga Wakati wa Kungojea Chuo

Matokeo ya mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari yakishatangazwa, Musaga nzima, hapa Bujumbura, hugeuka ofisi ya ushauri wa vyuo. Muuza vocha ana maoni yake, fundi cherehani ana yake, na mwenye binamu aliyewahi kusoma Kampala mwaka mmoja husikilizwa kama waziri. Kuanzia Gikoto mpaka Gasekebuye, kijana aliyemaliza hana raha: kila anayekutana naye barabarani anamuuliza kama jibu limefika, na kabla hajajibu anaelezwa kwa nini halijafika. Mengi anayoambiwa ni ya kupitisha muda tu. Machache yana madhara, kwa sababu yanamfanya mtu akate tamaa mapema au atoe fedha pasipostahili. Haya ndiyo yanayorudiwa zaidi.

"Ukifaulu mtihani wa taifa, Chuo Kikuu cha Burundi ni chako."

Nusu kweli. Kufaulu kunakupa diploma ya taifa, na hiyo diploma ndiyo karatasi ya kwanza utakayoulizwa chuoni. Lakini kufaulu ni jambo moja na kupangiwa ni jambo lingine. Nafasi za vyuo vya umma hugawanywa kwa kuangalia alama, fani uliyosoma sekondari na machaguo uliyoandika. Kwa hiyo kijana anaweza kufaulu vizuri tu, akalala akiota koti jeupe na hospitali ya Kamenge, kisha akaamka amepangiwa idara ambayo hajawahi kuitamka. Hapo watu husema "wamemwibia alama." Mara nyingi hakuna aliyeibiwa: wenye alama za juu kuliko zake waliandika chaguo lilelile.

Kosa lingine la Musaga ni kudhani kwamba chuo cha umma maana yake ni Mutanga, kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi, peke yake. Ipo École Normale Supérieure inayotoa walimu, na upo Institut National de Santé Publique kwa kazi za afya. Familia inayohesabu Mutanga tu humlilia mtoto kama aliyefukuzwa, kumbe jina lake limetoka mahali ambapo hakuna aliyetazama. Soma orodha zote, mpaka mwisho.

"Jibu likichelewa, ujue umekataliwa."

Uongo, na wazee wa hapa walipaswa kuwa wa kwanza kuukanusha. Kalenda ya chuo kikuu chetu imevunjwa na historia mara nyingi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, vita viliingia mpaka ndani ya kampasi, na Juni 1995 wanafunzi waliuawa palepale Mutanga. Aprili 2015, wakati maandamano yalipokuwa yanawaka Musaga, Nyakabiga na Cibitoke, kampasi zilifungwa na mamia ya wanafunzi wakaenda kulala nje ya ubalozi wa Marekani kwa kukosa pa kwenda. Mwaka wa masomo unaokatwa namna hiyo haurudi kwenye mstari kwa tangazo moja. Unarundikana juu ya mwingine, na darasa jipya husubiri mpaka lililotangulia lipishe viti. Waliongojea kuanza masomo miaka hiyo walichelewa sana, na hawakuwa wamekataliwa.

Nje ya nchi kuchelewa kuna sababu zake. Tanzania hufungua maombi kwa awamu: ipo ya kwanza, ipo ya pili, na pengine huongezwa nyingine nafasi zikibaki. Aliyekosa awamu ya kwanza anaruhusiwa kuomba tena, tena akiwa na faida ya kujua ni programu zipi bado zina nafasi. Uingereza nako, ambako maombi ya shahada ya kwanza hupitia shirika moja liitwalo UCAS, kila chuo hujibu kwa wakati wake. Wapo wanaopata jibu baada ya wiki mbili na wapo wanaolipata baada ya miezi kadhaa, kwa kozi ileile. Jirani yako kujibiwa kabla yako hakumaanishi kwamba amekushinda.

Dalili ya kweli ya kukataliwa ni jibu lenyewe, au tarehe ya mwisho iliyotangazwa na chuo kupita bila jina lako kutokea. Kabla ya hapo ni maneno ya kibarazani.

"Bila kuwa na mtu wako ndani, hupati."

Uongo huu ndio unaokula fedha nyingi kuliko yote, kwa hiyo tukae nao kidogo.

Kila msimu hujitokeza bwana anayemfahamu "mkubwa fulani" wizarani, au wakala mwenye "uhusiano wa moja kwa moja" na chuo cha nje. Anaomba kitu kidogo cha kufuatilia faili. Haombi mamilioni, maana anajua kipimo cha mzazi wa Musaga. Anaapa kabisa kwamba jina lisipotoka fedha itarudi. Mzazi anaona hapo hakuna hasara, anatuma kwa simu, kwa Lumicash.

Sasa tazama hesabu yake. Amechukua kwa wazazi kumi. Katika watoto kumi waliofaulu, watano au sita watapangiwa kwa alama zao wenyewe, awepo yeye au asiwepo. Hao watamshukuru, na watamtangaza bure mwaka unaofuata: "Yule bwana ni mtu wa kweli, mtoto wangu aliingia." Waliobaki, akiwa muungwana anawarudishia, asipokuwa, anawaambia mkubwa amehamishwa. Kwa vyovyote vile amebaki na fedha za wale watano au sita bila kugusa faili hata moja. Huyu mtu anauza mvua mwezi wa Aprili.

Sisemi kwamba rushwa haipo duniani, wala kwamba ofisi zetu zimejaa malaika. Nasema huyu hahitaji rushwa iwepo ili afanikiwe. Anahitaji wewe uamini kwamba ipo. Mwombe akupe risiti yenye jina lake kamili na kazi aliyoifanya. Utamwona anavyokumbuka kwamba anawahi mahali.

Mawakala wa vyuo vya nje wana sura mbili. Wapo wanaotambuliwa na vyuo na kulipwa na vyuo hivyohivyo. Hao wana faida. Njia ya kuwatambua ni kukiandikia chuo kwa anwani iliyo kwenye tovuti yake rasmi, siyo ile aliyokupa wakala, na kuuliza kama kinamjua. Ni barua pepe moja. Na kwa Ufaransa, Mrundi anapitisha maombi yake kwenye jukwaa la Études en France, ambako anafungua akaunti yake mwenyewe. Anayekuomba nywila ya akaunti hiyo anaomba ufunguo wa nyumba yako.

"Barua ya kukubaliwa ni sawa na buruse."

Uongo mtupu, na umewaaibisha watu waliokwisha kufanya sherehe. Chuo kinapokuandikia kwamba umekubaliwa kinasema: njoo usome. Nani atalipa ada, chumba na chakula ni barua nyingine kabisa. Wanaokwenda China wanaweza kuiona tofauti hii kwenye fomu ya viza: anayelipiwa na serikali ya China hupewa fomu inayoitwa JW201, na anayejilipia hupewa JW202. Tarakimu moja tu ya mwisho, lakini ndani yake kuna ada ya miaka yote. Kijana akikuonyesha barua yenye mhuri mwekundu, mpongeze, kisha soma ni fomu gani iliyofuatana nayo kabla hujaagiza kreti za bia ya Primus.

Buruse zinazotolewa na nchi rafiki kupitia serikali yetu hushughulikiwa na ofisi ya buruse na mafunzo, ile inayojulikana kwa herufi BBES. Tangazo lolote ambalo ofisi hiyo hailijui, na ambalo linataka ulipe kwanza ili "kuhifadhi nafasi ya buruse," liache lipite.

"Siku hizi fedha ya mwanafunzi wa chuo cha umma ni mkopo."

Hili lina ukweli mwingi kuliko watu wanavyopenda. Amri ya mwaka 2017 iligeuza buruse kuwa mkopo wa kurudishwa baadaye. Wanafunzi waligoma mwezi Machi mwaka huo, na baadhi ya viongozi wao wakakamatwa. Kwa hiyo ukipewa mkataba, soma masharti ya kurudisha kabla ya kutia sahihi. Shangazi aliyesoma Mutanga zamani kwa buruse kamili atakusimulia dunia nyingine.

"Mimi najua Kiswahili, Tanzania nitasoma kwa raha."

Uongo mtamu. Kiswahili chako cha mtaa wa Buyenzi kitakusaidia sokoni Kigoma, kwenye basi la Dodoma na kupata chumba cha kupanga. Darasani vyuo vikuu vya Tanzania hufundisha kwa Kiingereza, na mitihani ni kwa Kiingereza, isipokuwa masomo ya Kiswahili chenyewe. Uganda na Kenya ni vilevile. Kijana aliyesoma sayansi yote kwa Kifaransa akatumia miezi ya kungojea kutazama mpira, atakutana na muhula wa kwanza mgumu sana. Angeitumia kusoma somo lake la sekondari upya kwa Kiingereza, hata sura chache tu, angekuwa na kitu cha kushika.

"Sisi ni Jumuiya moja, diploma yetu inakubalika popote bila maswali."

Bado. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 wakuu wa nchi wanachama walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Tangazo lilikuwa zuri. Dirishani bado utaulizwa usawazisho wa cheti: Tanzania, cheti cha sekondari cha nje hupelekwa Baraza la Mitihani, NECTA; Uganda hupelekwa UNEB, baraza lao la mitihani. Diploma yetu iko kwa Kifaransa, kwa hiyo itatakiwa tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na mtu anayetambuliwa. Wengi wanaoambiwa "umekosa" walikuwa na alama za kutosha kabisa, ila faili lao lilisimama hapo kwenye usawazisho wakati dirisha linafungwa.

Na Kenya? Ule mfumo wa KUCCPS unaosikika kwenye redio huwapangia wanafunzi waliofanya mtihani wa Kenya. Mrundi hukiandikia chuo moja kwa moja. Usilipe mtu akuingize KUCCPS.

"Ukiomba vyuo viwili, vyote vitakufuta."

Uongo. Hii hofu huenda ilianza Tanzania, ambako zamani maombi yalipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Tangu 2017 waombaji hupeleka maombi vyuoni wenyewe, na kuchaguliwa zaidi ya chuo kimoja ni jambo la kawaida. Linalodaiwa ni kuthibitisha chuo kimoja ndani ya muda uliowekwa, kwa namba ya siri inayotumwa kwa simu au barua pepe. Anayekaa kimya akingojea ushauri wa ukoo mzima ndiye anayepoteza nafasi. Basi laini ya simu uliyoandika kwenye maombi usiiuze, usimwazime mdogo wako, na usiiache izimwe.

"Chuo cha binafsi ni cha walioshindwa."

Uongo wa kizamani. Tangu 1964, kilipoanzishwa Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura, mpaka karibu na mwisho wa miaka ya tisini, chuo kikuu cha serikali kilikuwa karibu mlango pekee, na asiyepita hapo alihesabiwa kuwa amebaki nje. Kisha kikaja Chuo Kikuu cha Ngozi mwaka 1999, Université Lumière na vingine vilivyofuata. Leo wako madaktari, wahasibu na wanasheria waliotoka huko. Tahadhari ni moja: chuo kuwa na kibali hakumaanishi kila kozi yake ina kibali. Kabla ya kulipa, uliza kama programu unayoitaka inatambuliwa na Tume ya Taifa ya Elimu ya Juu. Katibu wa chuo akikasirika kwa swali hilo, umeshajibiwa.

"Wakati wa kungoja hakuna la kufanya."

Uongo. Yapo ya kufanya, tena ya kuchosha: pasipoti iliyo hai, nakala zilizothibitishwa, tafsiri, usawazisho, cheti cha kuzaliwa chenye jina lililoandikwa sawasawa na lile la diploma. Hilo la jina lisidharauliwe. Herufi moja iliyoruka kwenye diploma inaweza kukuchukua wiki nzima ya kuzunguka ofisi hadi ofisi, na ni heri kuipoteza sasa kuliko siku tatu kabla ya dirisha kufungwa.

Na neno kwa wazazi: diploma ya asili isitoke nyumbani kwa ajili ya mtu yeyote anayekuja kuichukua mlangoni, awe wakala, awe jamaa wa wizarani, awe mchungaji. Mpe nakala. Akisema lazima awe na ya asili, mwanao aipeleke mwenyewe kwenye ofisi husika, asubiri mbele ya dirisha, arudi nayo.